Nembo yako inang'aa kwako, kwa mteja ni nafasi tupu: mbona?

Tuseme umepata wera. Mama mmoja wa Githurai anayeoka keki anataka tovuti, na mmekubaliana: nusu ya pesa sasa, nusu kazi ikiisha. Umekesha siku tatu. Nembo yake umeichora mwenyewe, keki ndogo yenye mshumaa juu, mistari safi kama wembe. Kwa laptopu yako inang'aa. Kwa simu yako inang'aa. Tovuti inaenda hewani, na mteja wa kwanza anaagiza keki ya bathidei. Risiti inamfikia kwa Gmail.

Dakika kumi baadaye mama anakutumia ujumbe wa sauti: "Kijana wangu, mbona kwa hii risiti keki yangu haionekani?"

Unafungua, na kweli. Pale juu palipofaa kuwa na nembo hakuna kitu. Faili iko sawa, linki iko sawa, hujakosea jina. Shida ni kwamba umemtumia mtu mchoro wa vekta mahali ambapo vekta haisomeki. Na kumbuka, nusu ya doo yako bado iko kwa kibeti cha mama.

Usianze kumwelezea mambo ya teknolojia. Hili tatizo ni kongwe kuliko wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, na dawa zake zilishapatikana. Kazi yako ni kuzijua tu.

Vekta ni nini hasa?

Picha ya kawaida kama PNG au JPEG ni vigae. Picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 ina vigae milioni moja, na kila kimoja kina rangi yake. Ukiivuta iwe kubwa, vigae vinavutika navyo na picha inakuwa ukungu.

Vekta haibebi vigae. Inabeba maagizo. Ukifungua faili ya SVG kwa programu yoyote ya kuandikia, utaona ni maandishi matupu, mistari kama huu:

<circle cx="50" cy="50" r="40" fill="red"/>

Maana yake: weka kalamu pale 50 kwa 50, chora duara lenye nusu-kipenyo cha 40, lipake nyekundu. Ni chini ya herufi 50, na duara hilo litatoka safi kwa saa ya mkononi na kwa bango la Thika Road vilevile.

Ukitaka kumweleza mama wa Githurai, mwambie hivi: PNG ni keki iliyookwa tayari. SVG ni karatasi ya maelezo ya kuoka. Karatasi ni nyepesi kubeba na inaoka keki ya saizi yoyote unayotaka. Lakini ukimpa mtu ambaye hana jiko, atalala njaa na karatasi yake mkononi.

Jiko hapa ni kivinjari, yaani Chrome, Firefox, Safari na wenzao. Kwa miaka mingi, jiko lililokuwa kwa nyumba nyingi zaidi duniani halikuweza kuoka SVG.

Miaka kumi ya kungojea kampuni moja

Turudi 1998. Kampuni kubwa ziliona intaneti inahitaji michoro ya vekta, zikagawanyika kambi mbili. Adobe, IBM, Netscape na Sun zilipeleka pendekezo lao, PGML, kwa W3C, shirika linaloweka kanuni za mtandao. Microsoft na Macromedia pamoja na wenzao wakapeleka lao, VML. W3C haikuchagua yeyote. Iliunda kamati ikaandika lugha mpya, na Septemba 2001 SVG 1.0 ikapitishwa rasmi.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Agosti 2001, Microsoft ilikuwa imetoa Internet Explorer 6. Hicho ndicho kivinjari kilichotawala dunia miaka hiyo. Kilijua VML, lugha ya kwao. SVG hakikuijua kabisa.

Wengine walijifunza polepole. Opera 8 na Firefox 1.5 zilianza kuchora SVG mwaka 2005. Safari ikafuata kwa toleo la 3 mwaka 2007. Chrome ilipozaliwa 2008 ilikuwa inaijua tayari. Internet Explorer 7 ilitoka 2006 bila hiyo. Ya 8 ikatoka 2009, bado hola. Ni Machi 2011, Internet Explorer 9 ilipotoka, ndipo kampuni ile ilikubali kuchora kile ambacho kanuni zilikuwa zimesema miaka karibu kumi nyuma.

Hata hapo mambo hayakuisha. Internet Explorer 9 ilikataa kuingia kwa Windows XP. Ilitaka Vista kwenda juu. Sasa fikiria zile kompyuta za cyber za mtaani, zote XP. Mwenye cyber asingenunua mashine mpya kumi kwa sababu ya nembo yako. Angeweza kuweka Firefox bure, na wengine waliweka, lakini mteja aliyezoea kubonyeza ile "e" ya bluu alibaki na toleo la 8. Microsoft iliendelea kuihudumia XP hadi Aprili 2014.

Simu ya Sh8,000 iliyosahaulika

Ukidhani hiyo ilikuwa shida ya kompyuta kuukuu peke yake, uliza kaka zako wakubwa kuhusu Huawei IDEOS. Ilipoingia Kenya kama Sh8,000 mwaka 2011, iliwapa watu wengi simu yao ya kwanza ya Android. Ilikuwa ndogo, kioo chake kidogo, na ilikuja na Android 2.2.

Kivinjari cha Android za namba 2 hakikuchora SVG. Uwezo huo ulikuja na Android 3.0, toleo lililotengenezewa tableti, kisha simu zikaupata kwa toleo la 4. Kwa hivyo mwaka uleule ambao wajenzi wa tovuti wa Ulaya na Marekani walisherehekea kwamba hatimaye Internet Explorer imeingia box, hapa kwetu maelfu ya watu walikuwa wananunua simu mpya kabisa, ikiwa na karatasi ya dukani bado, ambayo vekta ilikuwa inaishinda.

Shika hilo, maana ndilo jambo lenyewe. Anayekosa kuona mchoro wako si lazima awe mzembe au mshamba. Mara nyingi ni mtu aliyenunua alichoweza kununua, wiki iliyopita.

Viraka vilivyookoa watu

Mimi chuo nilikiacha njiani, na sehemu kubwa ya haya nimeyajua kwa kufungua msimbo wa watu wengine na kuusoma mstari kwa mstari. Waliokuwa na shida ya vekta hawakukaa kungoja. Walishona viraka, na kila kiraka kilikuwa na bei yake.

Cha kwanza kilikuwa kumwambia mtumiaji aongeze kifaa mwenyewe. Adobe ilikuwa na SVG Viewer, plagini uliyopakua na kuiweka kwa Internet Explorer ili iweze kuchora. Ilifanya kazi vizuri. Shida ni kwamba ulikuwa unamwambia mgeni wako anunue kiti kabla ya kukaa. Halafu mwaka 2005 Adobe ilinunua Macromedia, mwenye Flash, na mwanzoni mwa 2009 ikaacha kuihudumia SVG Viewer. Waliojenga juu yake wakabaki wakitazamana.

Cha pili kilikuwa kutafsiri. Dmitry Baranovskiy alitoa maktaba ya JavaScript iitwayo Raphaël mwaka 2008. Wewe ulitoa amri moja, "chora duara", na Raphaël ikaangalia kivinjari kilichopo. Kinajua SVG? Kipe SVG. Ni Internet Explorer? Basi duara lilelile liandikwe kwa VML. Ilifika hadi Internet Explorer 6. Bei yake: hukuweza kuitupia faili ya SVG iliyo tayari ikaonyesha tu. Ilibidi uchore upya kwa amri zake.

Cha tatu kilipitia mlango wa nyuma. Mwaka 2009 watu wa Google walitoa SVG Web, iliyochukua faili yako ya SVG kama ilivyo na kuichora kwa kutumia Flash, kwa sababu karibu kila kompyuta ilikuwa na Flash. Ujanja safi. Ila Flash nayo ilizikwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na kila kilichopanda mgongoni mwake kikaenda nayo kaburini.

Cha nne kilifaa zile simu kama IDEOS. Android 2 haikujua SVG lakini ilijua Canvas, yaani turubai ambayo JavaScript inaweza kupaka rangi. Maktaba iitwayo canvg husoma faili ya SVG na kuipaka kwenye turubai hiyo. Mchoro unaonekana, lakini ukishapakwa umeshakuwa vigae. Kama ni ramani ya kaunti 47, huwezi tena kugusa Turkana peke yake na ikaitika, mpaka uhesabu mwenyewe kidole kimeangukia wapi.

Cha tano kilikuwa Opera Mini, na hiki unakijua hata kama hujawahi kukitazama hivyo. Simu yako haikuchora ukurasa wenyewe. Seva za Opera huko mbali zilifungua tovuti, zikaikamua, zikakutumia iliyobanwa. Ndiyo maana kabambe yenye nguvu kidogo iliweza kufungua kurasa nzito kwa bando dogo. Mchoro wa vekta uliotulia ulifika. Ule wa kusongasonga ulifika ukiwa umesimama tisti.

Cha sita hakina sifa, na ndicho kimedumu kuliko vyote: oka keki mapema. Chukua SVG yako, itoe kama PNG kwa programu kama Inkscape, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2003, kisha uweke faili zote mbili kwa seva. Asiye na jiko ale iliyookwa.

Usiulize "wewe ni nani", uliza "unaweza?"

Kuna mfano wa nyumbani hapa. Ushahidi, ule mfumo wa ramani ulioanzishwa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, baadaye ulitumia maktaba ya ramani inayoitwa OpenLayers. Toleo la pili la maktaba hiyo lilikuwa na wachoraji watatu ndani yake: SVG, VML na Canvas. Ukurasa ukifunguka, ilijaribu wa kwanza. Ikiwa hawezi, wa pili. Akishindwa, wa tatu. Mtu aliyetaka kuona ni wapi watu wanaripoti shida hakuulizwa anatumia kivinjari gani. Ramani ilitafuta njia ya kumfikia.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mafundi wengi wa wakati huo waliandika msimbo uliouliza jina: "Wewe ni Internet Explorer? Chukua VML." Ilienda vizuri mpaka 2012, Internet Explorer 10 ilipokuja. Hiyo ilijua SVG na ilikuwa imeitupa VML. Sasa ukurasa unauliza jina, unasikia "Explorer", unampa VML, naye hajui tena kuisoma. Kivinjari kipya kabisa, chenye uwezo wote, kinaonyesha nafasi tupu kwa sababu fundi alikariri jina.

Waliouliza uwezo hawakuguswa. "Unaweza SVG?" Anaweza. "Haya, chukua." Modernizr, maktaba iliyoanza 2009, ilijengwa kwa wazo hilohilo la kupima uwezo badala ya kusoma jina.

Kwa hivyo kiraka kizuri si kile chenye nguvu sana. Ni kile kinachojua kuondoka. Siku ambayo simu ya mteja inajua SVG, kiraka kinyamaze chenyewe bila wewe kurudi kukitoa. Kile kisichoondoka kinageuka kuwa mzigo: makumi ya kilobaiti za JavaScript zinazopakuliwa na kila mgeni ili kusaidia kivinjari ambacho hakuna mtu anakitumia tena. Na kila kilobaiti ina mtu anayeilipia, mara nyingi yule wa bando la siku moja.

Tatizo limehama, halijafa

Leo vivinjari vyote vikubwa vinachora SVG. Internet Explorer 11 yenyewe ilistaafishwa Juni 2022. Unaweza kudhani mambo yameisha. Lakini mteja wako haishi ndani ya Chrome peke yake.

Baruapepe ndiyo kiboko yao. Gmail haionyeshi SVG ndani ya barua, na programu nyingine za barua zina mambo yaleyale. Ndipo keki ya mama ilipopotelea.

Halafu kuna ile picha ndogo inayotokea ukituma linki. Facebook haikubali SVG hapo. Ukiweka SVG, linki yako inaenda kavu, bila sura, na watu wanaipita.

Kuna pia milango inayokataa faili yenyewe. WordPress haikubali kupakiwa SVG mpaka uongeze kitu cha kuiruhusu, na si kwa ubaya: SVG ni maandishi, na ndani ya maandishi hayo mtu anaweza kuficha skripti mbaya. Usiruhusu SVG ya mtu usiyemjua kwa tovuti ya mteja wako. Hiyo ni kama kula keki uliyoachiwa mlangoni bila jina.

Sasa fanya hivi

Kwa ukurasa wa kawaida, mistari hii minne inatosha:

<picture>
<source type="image/svg+xml" srcset="nembo.svg">
<img src="nembo.png" alt="Nembo: keki yenye mshumaa">
</picture>

Kivinjari kinachojua kila kitu kinachukua SVG na kuacha PNG. Kisichojua SVG kinairuka. Kisichojua hata neno "picture" kinapita moja kwa moja hadi kwa PNG. Hakuna JavaScript, na mteja anapakua faili moja, si mbili. Kuna njia nyingine ya kungoja SVG ishindwe kisha kubadilisha na "onerror", lakini hiyo inapakua ya kwanza bure kabla ya kuleta ya pili. Bando si lako, usilichezee.

Kwa baruapepe, usihangaike: tumia PNG. Itoe ikiwa mara mbili ya upana unaotaka uonekane, kisha uandike upana halisi ndani ya tagi. Nembo ya kuonekana kwa pikseli 200 itoe ikiwa 400. Kwa simu zenye vioo vikali itabaki safi.

Kwa ile picha ya linki, weka PNG au JPEG ya pikseli 1,200 kwa 630.

Kama nembo ina maandishi, yageuze kuwa umbo kabla ya kuhifadhi. Kwa Inkscape unachagua maandishi na kuyafanya "path". Usipofanya hivyo, simu isiyo na fonti yako itaweka fonti yoyote iliyonayo, na jina la biashara ya mama litatoka likiwa limevaa nguo za jirani.

Kama SVG inaonekana kwa mashine yako lakini ikifika kwa seva inakataa, angalia seva inaitambulisha vipi. Inafaa kutumwa kama image/svg+xml. Ikitumwa kama maandishi ya kawaida, kivinjari kitaona barua, hakitaona picha.

Na usisahau ile "alt". Picha zote zikikataa, maneno hubaki. Pia ndiyo inayosomwa kwa sauti kwa mtu asiyeona. Andika kitu cha maana pale, si "logo1final".

Bado unafikiri hii ni kazi ya ziada isiyolipwa? Angalia hesabu upya. PNG moja, mistari minne, dakika kumi. Ukiziruka, anayelipa ni yule mtu wa mwisho kwenye foleni: mwenye simu ya mtumba, mwenye baruapepe ya ofisi isiyofunguka vizuri, mama anayejiuliza kama kijana huyu anajua kazi kweli. Yule wa foleni ya mbele, mwenye simu mpya, hajawahi kuwa na shida. Hakuna aliyekuajiri umfikie yeye pekee.

Kabla hujaitisha ile nusu iliyobaki, fanya jaribio moja. Omba simu tatu kwa watu tofauti mtaani, na uchague zile mbaya zaidi: ya shosho, ya yule jamaa wa boda, na ile ya mtoto iliyopasuka kioo. Fungua tovuti kwa kila moja. Jitumie risiti kwa Gmail. Tuma linki kwa WhatsApp uone inatokea vipi. Keki ikionekana kote, mpigie mama umwambie kazi imeisha.